Sifuri Kati ya Sifuri

Rra Tumediso Kgwanyape hakubisha hodi. Aliingia ofisini kwa Inspekta Kelebonye Ditsele saa mbili na robo asubuhi, akavuta kiti mwenyewe, akakaa na kofia yake kichwani. Mtu anayeingia kituo cha polisi cha Sekgwarapeng bila kuvua kofia ama ni mgeni wilayani ama ana ng'ombe zaidi ya elfu moja. Kgwanyape hakuwa mgeni.

"Nimeambiwa unaniita," alisema. "Saa sita nina mnada. Sema haraka."

"Mwendesha mashtaka amerudisha faili, Rra."

"Amerudisha kwa lipi? Mwizi mnaye ndani. Leo siku ya tisa anakunywa uji wa serikali."

"Anataka kujua maksai wako walikuwa wa rangi gani."

Kgwanyape alicheka kwa pua. "Rangi! Kwani Jumatatu mahakamani tunapaka nyumba? Andika chapa. K4G, paja la kushoto. Kila mtu hapa anaijua, hata wewe uliyekulia nyuma ya karai la maandazi."

Ni kweli mama yake Kelebonye aliuza maandazi pale stendi kwa miaka kumi na minane, na Kelebonye hakuwahi kulionea haya. Aliandika chapa bila kuinua uso.

"Sasa rangi, Rra. Maksai kumi na wanne."

"Wekundu. Wengine madoadoa. Binti, mimi nina ng'ombe elfu moja na mia mbili. Unataka niwajue mmoja mmoja kama mwalimu wa chekechea?"

"Mchungaji wako anasema hawakuibwa. Anasema walitoka nje ya uzio, lori la serikali likawachukua na kuwapeleka zizi la matimela."

"Ng'ombe akipotea na kufungiwa kwenye zizi la matimela, anaandikwa. Akiandikwa, anawekwa kwenye ukurasa wao, dunia nzima imwone. Siku hizi hatuendi kuchungulia zizi kwa miguu kama babu zetu. Nimetafuta kila asubuhi. Sogea uone, usije ukasema nimekuficha."

Alitoa simu kubwa yenye kava la ngozi, akafungua ukurasa. Ilikuwa orodha ndefu ya wanyama waliopotea: namba ya fungu, jinsia, rangi, chapa, siku ya kuletwa. Akabonyeza vitone vitatu pale juu pembeni, akachagua Tafuta kwenye ukurasa. Kisanduku kikafunguka, na ndani yake tayari mlikuwa na namba: 187. Dole gumba la Kgwanyape likaifuta upesi. Akaandika K4G, kisha akamgeuzia Kelebonye kioo. Kando ya kisanduku palisomeka 0/0.

"Sifuri kati ya sifuri," alisema. "Shule uliyosomeshwa na maandazi ilikufundisha sifuri?"

"Ilinifundisha. Hiyo mia moja themanini na saba ni nini?"

"Ipi?"

"Iliyokuwamo kabla hujaandika chapa. Kisanduku hicho hukumbuka neno la mwisho lililotafutwa."

"Ya bahati nasibu. Au na hiyo siku hizi mnakamata?"

Kelebonye aliandika yote: saa, ukurasa, neno lililotafutwa, jibu lililotoka, namba iliyokuwamo na maelezo ya shahidi kuhusu namba hiyo. Akageuza karatasi. Kgwanyape akatia sahihi bila kusoma hata mstari mmoja, kwa sababu kwa watu wa aina yake kusoma ni kazi ya makarani.

"Jumatatu nataka miaka mitano," alisema akiinuka. "Sheria imesema mitano kwa mwizi wa mifugo, isipungue hata siku moja. Hawa watu wa porini ukiwaonea huruma leo, kesho watakula zizini kwako."

Alitoka, akauacha mlango wazi.

Kelebonye alikaa na ule mstari wa rangi. Wekundu, wengine madoadoa. Wilayani humu mwanamume anaweza kusahau siku aliyooa na asilaumiwe sana, lakini hasahau sura ya maksai wake. Kwetu ng'ombe anaitwa mungu mwenye pua ya majimaji. Ama Kgwanyape alikuwa ametajirika mpaka akapumbaa, ama hakutaka rangi zile ziandikwe popote.

*

Dabe alikuwa amekaa sakafuni mwa selo, ameupa mlango mgongo. Alikuwa mwembamba, nywele zimeanza mvi, na kwa miaka thelathini alikuwa amechunga mifugo ya akina Kgwanyape, kwanza ya baba na sasa ya mwana. Kelebonye ndiye aliyemfuata kambini na ndiye aliyemtia pingu.

"Dabe."

Kelebonye alifunga mlango nyuma yake, akafungua daftari.

"Nataka unieleze wale maksai. Mmoja mmoja."

Dabe aligeuza shingo, akamtazama. "Ulinifunga mikono mbele ya mke wangu. Leo unataka hadithi?"

"Jumatatu utapewa miaka mitano."

"Nina hamsini na mitatu. Nijumlishie basi, wewe uliyesoma."

"Nieleze maksai, Dabe. Sina kitu kingine cha kukutetea."

Yule mtu aliugeukia ukuta tena, na Kelebonye akadhani basi. Kisha Dabe akaanza kusema, akiuambia ukuta.

"Anayeongoza ni mwekundu. Ana mstari mweupe mgongoni, unaanzia kwenye nundu hadi mkiani. Pembe la kushoto linatazama chini, karibu liguse jicho. Wa pili mweusi, tumbo jeupe, sikio la kulia limechanwa na fisi akiwa ndama. Wa tatu rangi ya majivu, miguu ya nyuma myeupe mpaka magotini. Wa nne na wa tano ni ndugu, wekundu waliokolea, lakini mdogo ana kipaji cheupe usoni..."

Aliwapitia wote kumi na wanne. Hakuhesabu kwa vidole wala hakurudi nyuma kujisahihisha. Kelebonye aliandika mpaka mkono ukauma.

"Na chapa?" aliuliza.

"Chapa ni ya mtu asiyewajua ng'ombe wake."

"Kgwanyape ana ugomvi gani na wewe?"

"Muulize."

"Nakuuliza wewe."

"Baba yake alinipa ng'ombe kumi na mmoja mbele ya baraza la chifu. Watu walipiga vigelegele. Huyu alikaa mstari wa mbele, hakupiga hata kofi moja. Mzee amekufa mwaka jana. Mimi nikifungwa kwa wizi, ng'ombe wangu nani atanilindia? Watasema na hao niliwaiba."

*

Saa tatu na nusu Kelebonye alikaa kwenye meza yake, akafungua ukurasa wa matimela kwenye simu yake mwenyewe. Mnada wa saa sita ulikuwa wa matimela, mifugo iliyopotea na kukosa mwenyewe. Ng'ombe wakishauzwa, malori yangewapeleka machinjioni moja kwa moja, na ngozi yenye chapa ingekuwa kwenye chumvi kabla ya Jumamosi. Ushahidi wa Dabe, kama ulikuwapo duniani, ulikuwa na miguu minne na saa mbili na nusu za kuishi.

Akabonyeza vitone vitatu, akachagua Tafuta kwenye ukurasa, akaandika: pembe la kushoto.

0/0.

Akaandika: mstari mweupe. 0/0. Akaandika: kipaji. 0/0. Akaandika: mwekundu. Hapo simu ikasema 1/16, na maneno kumi na sita yakawaka rangi ya njano. Alibonyeza mshale wa kushuka, moja baada ya jingine, akisoma. Wa kumi na sita alikuwa ndama. Hakuna maksai hata mmoja aliyefanana na wale wa Dabe.

Mchana wa jana angefunga simu hapo na kwenda kunywa chai. Lakini namba ya fungu la yule ndama ilimkera. Ilikuwa 38. Akashusha ukurasa kwa kidole mpaka mwisho. Orodha iliishia kwenye fungu la 40, na chini yake palikuwa na kitufe cha kijivu, kidogo, kama kitu kilichowekwa ili kisionekane: Onyesha zaidi. Juu kabisa ya ukurasa paliandikwa kwamba mafungu yalikuwa 212.

Ilikuwa wazi kama mchana. Kivinjari kinatafuta kilichofunguliwa tu. Mafungu mia moja sabini na mawili yalikuwa bado hayajaletwa kwenye simu, na simu ilikuwa ikisema sifuri kwa sauti ile ile ya uhakika, kama karani mvivu anayekwambia faili lako halipo wakati hajainuka kitini.

Alibonyeza. Mtandao wa Sekgwarapeng unajulikana, alisubiri akisonya. Yakafika mafungu 80. Akabonyeza tena, 120. Tena, 160. Tena, 200. Mara ya tano yakatimia yote 212.

Akaandika upya: pembe la kushoto. 1/2.

La kwanza lilikuwa fungu la 93, ng'ombe jike mweusi aliyevunjika pembe la kushoto. Akabonyeza mshale. Ukurasa ukaruka chini sana, ukasimama.

Maksai, mwekundu, mstari mweupe kutoka nundu hadi mkia, pembe la kushoto linatazama chini. Chapa: haisomeki.

Chini yake walifuata kumi na watatu. Mweusi wa tumbo jeupe, sikio la kulia limechanika. Rangi ya majivu mwenye miguu myeupe nyuma. Ndugu wawili wekundu. Wote walikuwamo, karibu kwa maneno ya Dabe, na mbele ya kila mmoja chapa haikusomeka. Kelebonye akaandika K4G, ingawa alishajua jibu. 0/0. Hata mtu angefungua ukurasa wote na kutafuta chapa ile mpaka betri iishe, asingewapata.

Kisha akatazama namba ya fungu. Ilikuwa 187.

*

Zizi la matimela liko kilomita kumi na nne nje ya mji, na kilomita kumi na moja za hizo ni mchanga mtupu. Alifika saa tano na dakika arobaini. Wanunuzi walikuwa wamejaa, wengine wakila nyama ya kupondwa kwenye sahani za bati, wengine wakiwazunguka ng'ombe, kuwafungua midomo watazame meno, kuwabonyeza viuno. Mothusi Ramodisa, mtunza zizi, alikuwa mezani chini ya paa la mabati, na rejista mbele yake.

"Sina nafasi, Mma," alisema kabla hajasalimiwa. "Njoo Jumatatu."

"Simu yako mezani."

"Kwa kibali gani?"

"Kitengo cha wizi wa mifugo. Kibali ninacho mimi mwenyewe, kimesimama mbele yako. Weka simu mezani, na mikono juu ya rejista niione."

Mothusi aliiweka kwa kuitupa. "Mmezoea kutisha watu. Kateni makali huko kwenu."

"Fungu la 187. Nani aliandika?"

"Mimi. Naandika yote."

"Maksai kumi na wanne, na chapa ya hata mmoja haisomeki?"

"Nywele ndefu, matope. Nilikuwa na haraka, siku ile yalikuja malori mawili."

"Mwenye haraka huandika 'maksai mwekundu' akaendelea na kazi. Wewe umeandika mstari unakoanzia na unakoishia. Umeandika pembe linatazama wapi. Umeandika sikio limechanika. Uliwatazama vizuri sana, Rra, kila mahali isipokuwa paja la kushoto."

Mothusi alianza kukunja pembe ya ukurasa wa rejista.

"Ungeandika tu 'wekundu na madoadoa'," alisema Kelebonye. "Nisingewapata mpaka kiama. Kwa nini hukuandika hivyo?"

Mtunza zizi aliona ametukanwa, na hasira ikamtoa kwenye tahadhari yake. "Mimi nimezaliwa kambi ya ng'ombe, Mma. Baba yangu alikuwa anajua rangi mia na hamsini. Niandike ng'ombe wa mstari mgongoni kuwa ni mwekundu hivi hivi? Si angefufuka anichape!"

"Chapa ungeweza kuidanganya, ila rangi hapana."

"Chapa ni ya wenyewe," alisema Mothusi. "Rangi ni ya ng'ombe." Kisha akasikia alichokuwa amesema, akaanza kuinuka.

"Kaa hapo hapo," alisema Kelebonye. "Ukiinuka, nakuandikia na kutoroka."

Akachukua mkasi wa kunyolea uliokuwa mezani, akaenda kusimama nyuma ya lori, mahali anapoona bila kuonekana.

Kgwanyape alikuwa amekaa safu ya mbele, kwenye kiti cha kukunja alichokuja nacho kutoka nyumbani. Fungu baada ya fungu lilipita bila yeye kuinua mkono. Wenzake waliinuka kukagua, wakarudi, wakabishana. Yeye hakutoka kitini. Alikuwa akimsimulia jirani yake habari za pampu ya kisima.

"Fungu la mia moja themanini na saba!" dalali akapaza sauti. "Maksai kumi na wanne, wamenona, chapa haisomeki! Nani anaanza?"

Kgwanyape aliinua kidole bila kugeuza kichwa, akaendelea na pampu yake.

Dalali alizungusha macho. Wanunuzi walitazama viatu vyao. Mwenye nguvu mpishe, na hapa Kgwanyape hupishwa hata akikohoa.

"Mara ya kwanza! Mara ya pili!"

"Simamisha," alisema Kelebonye, akatokea.

"Huu ni mnada wa serikali," Kgwanyape alisema. "Sogea pembeni, binti, unatuwekea kivuli."

"Unanunua ng'ombe gani, Rra?"

"Hao hapo."

"Wa rangi gani?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, na wengine wakafuata. Mtu ananunua maksai kumi na wanne bila kuwatazama hata mmoja! Kgwanyape aligeuka sasa, akawatazama, na sifa yake apewe, akili yake ilikuwa nyepesi. Alisimama, akavua kofia, akatanua mikono.

"Mungu wangu! Jamani, hawa ni wangu! Huyu wa mstari ni wangu! Kumbe walipotea tu!" Akamgeukia Kelebonye huku macho yakimlowa. "Ndiyo kwanza nawaona, Inspekta. Mwachie yule mtu wako, masikini. Yamekwisha."

Watu walianza kunong'ona kwa huruma, na mama mmoja akapiga kigelegele. Ulikuwa uongo mzuri. Kama angeusema jana, ungemfaa.

Kelebonye alitoa karatasi mfukoni, akasoma kwa sauti ya kituoni. "'Saa mbili na dakika ishirini na tano asubuhi, shahidi alifungua ukurasa wa matimela kwenye simu yake mbele yangu. Kisanduku cha kutafutia kilifunguka kikiwa na namba 187. Shahidi anasema ni ya bahati nasibu.' Sahihi hii ni ya nani, Rra?"

Kgwanyape aliigeuza kofia mikononi.

"Umewaona sasa hivi, lakini simu yako imewatafuta tangu asubuhi, kwa namba ya fungu lao. Na fungu hilo halionekani mpaka mtu abonyeze Onyesha zaidi mara nne. Kwa hiyo unajua kubonyeza. Mbele yangu hukubonyeza. Uliandika chapa ambayo unajua haikuandikwa, kwenye ukurasa ambao unajua haujafunguka wote, ukanionyesha sifuri."

"Nimesema ni bahati nasibu!"

"Nionyeshe tiketi."

Hapo umati ukacheka vibaya, kicheko cha watu waliopisha miaka mingi. Kelebonye hakungoja. Aliamuru yule wa mstari aingizwe kwenye uchochoro wa magogo wa kubania ng'ombe, akamwagia maji pajani. Matope yakashuka, na pamoja nayo grisi nyeusi, na grisi haipatikani porini. Alinyoa. Nywele huota juu ya chapa ya moto, lakini ngozi haisahau. Ikatokea K. Ikatokea 4. Ilipotokea G, Mothusi Ramodisa aliinuka mezani, akapiga kelele kutoka chini ya mabati.

"Aliniambia chapa isisomeke! Aliniahidi fahali! Rangi hakuniambia kitu!"

"Funga domo, mjinga wewe," alisema Kgwanyape.

Kelebonye alimtia pingu mbele ya wanunuzi wote. Kofia ilikuwa imeanguka mchangani na hakuna aliyeinama kuiokota.

"Kesho nitalala kwangu," Kgwanyape alimwambia taratibu, karibu na sikio. "Na wewe utapelekwa kulinda mpaka, kule ambako hata chumvi haiuzwi. Kumbuka nimekwambia."

"Nitaliandika na hilo," alisema Kelebonye.

*

Saa tisa alasiri aliufungua mlango wa selo mwenyewe. Alikuwa na hati ya kuachiwa na kibweta cha wino. Alikuwa na furaha, na hakujali kuificha.

"Wamepatikana, Dabe. Wote kumi na wanne. Kgwanyape yuko selo ya pili, Mothusi ya tatu. Weka dole hapa uende nyumbani kwa ng'ombe wako."

Dabe hakuinuka.

"Hilo ndilo faili langu?" aliuliza.

"Ndilo."

"Nisomee nilichosema siku uliyonileta."

"Hakuna haja tena. Kesi imefutwa."

"Mimi sijui kusoma. Nisomee."

Kelebonye alifungua faili. Maelezo ya Kgwanyape yalikuwa kurasa nne, mbele na nyuma, kwa mwandiko safi. Akafunua ukurasa wa Dabe. Ulikuwa na tarehe, jina na sahihi ya afisa, nayo ilikuwa yake mwenyewe. Katikati palikuwa na mstari mmoja tu.

"'Mtuhumiwa anakana,'" alisoma.

"Halafu?"

"Basi."

Selo ya pili mtu alikuwa akigonga chuma, akidai wakili wake. Dabe alingoja zile kelele zipungue.

"Nilianza kusema saa nne asubuhi," alisema. "Nikasema mpaka jua likaingia dirishani kwako upande ule mwingine. Lori nilikutajia, na rangi nilikutajia, wote, kama leo. Wewe ulikuwa unatikisa kichwa na kalamu mkononi."

Kelebonye aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni.

"Nikadhani unaandika," alisema Dabe.

Akainuka, akachovya dole kwenye wino, akalibandika kwenye hati, akampita mlangoni bila kuaga.